Osiloskopu na Kompyuta: Anza na Waya, Malizia na Programu

Fundi anayesoma vipimo kwenye kioo cha osiloskopu na kuvinakili daftarini hupoteza muda, na tarakimu moja ikikosewa hupoteza kazi nzima. Osiloskopu nyingi za leo zina tundu la Etheneti la kupelekea vipimo moja kwa moja kwenye kompyuta, na waya wake unaweza kufika mita 100. Mfumo wa zamani wa kuunganisha vifaa vya kupimia, GPIB, uliowekewa kiwango mwaka 1975, haukuruhusu jumla ya nyaya kuzidi mita 20.

Wanaokwama mara nyingi ni wale walioanza na programu. Zipo hatua tatu, na kila moja ihakikiwe kabla ya kuigusa inayofuata.

Ya kwanza ni waya. Uchomeke kwenye swichi, au moja kwa moja kutoka osiloskopu hadi kompyuta. Zamani njia hiyo ya pili ilitaka waya maalumu wenye nyuzi zilizopishanishwa. Matundu ya siku hizi kwa kawaida hujirekebisha yenyewe. Taa ndogo za tundu zisipowaka, badilisha waya kwanza.

Ya pili ni anwani ya IP, na hapa ndipo penye matatizo mengi. Penye ruta, osiloskopu hupewa anwani, nawe utaiona kwenye menyu yake ya mtandao. Ukiunganisha moja kwa moja, ziandike mwenyewe: kompyuta 192.168.50.10, osiloskopu 192.168.50.20, na barakoa ya sabneti (subnet mask) 255.255.255.0 kote kuwili. Namba tatu za mwanzo zifanane, ya mwisho itofautiane. Usitumie kundi la namba ambalo Wi-Fi yako tayari inalitumia, maana kompyuta itapeleka ujumbe kusikotakiwa. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, kifaa kiliomba anwani, hakikujibiwa, kikajipa chenyewe. Vifaa vyote viwili vikijipa hivyo, vitaelewana. Kimoja tu kikijipa, havitaonana. Sasa, kwenye kompyuta, tuma amri ya ping kwa anwani ya osiloskopu. Jibu likirudi, njia iko wazi.

Ya tatu ni lugha. Vifaa vingi vya kupimia huelewa lugha ya amri iitwayo SCPI, iliyoanzishwa mwaka 1990. Amri ya kwanza kutuma ni *IDN?, na kifaa hujibu kwa kutaja mtengenezaji, modeli, namba ya utambulisho na toleo la programu yake ya ndani. Vifaa vingi husikiliza kwenye poti 5025. Vya kampuni ya Rigol hutumia 5555. Kila amri imalizwe kwa alama ya mstari mpya, la sivyo kifaa kitaendelea kusubiri nawe utadhani kimeharibika.

Mwisho, usalama. Poti hizo kwa kawaida haziulizi nenosiri. Yeyote aliye kwenye mtandao huo anaweza kuiamuru pawasaplai iliyounganishwa hapo itoke volti 3.3 hadi 30, na bodi iliyo mezani ikaungua. Vifaa vya kupimia vipewe mtandao wao, na visiwekwe wazi kwenye intaneti hata kwa siku moja.