Kuogelea Kwanza, Ubao Baadaye: Bahari kwa Kijana wa Mzumbe

Mzumbe iko chini ya milima ya Uluguru, na kwa barabara ni zaidi ya kilomita 200 kufika baharini. Mtoto aliyezaliwa huko aweza kukua hadi akaoa au kuolewa kabla hajakanyaga mchanga wa pwani. Hata hivyo, vijana wa leo huwaona katika simu zao wenzao wa mataifa mengine wakiteleza juu ya mawimbi kwa ubao, nao hutamani. Wazazi wengi huwajibu kwa maneno mawili: kwamba huo ni mchezo wa matajiri, na kwamba haumfai Muislamu. Majibu yote mawili yanastahiki kutazamwa upya, kwani ndani ya mchezo huo imo elimu ya kuogelea, ambayo ni elimu ya kuhifadhi uhai.

Katika hadithi iliyopokelewa na An-Nasai, Mtume (s.a.w.) ametaja mambo manne yasiyohesabiwa kuwa upuuzi, na mojawapo ni kujifunza kuogelea. Aidha, Uislamu umempa aliyekufa maji daraja ya shahidi. Lakini rehema hiyo ni kwa yule aliyefikwa na qadari, wala si ruhusa ya kuacha kuchukua sababu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani katika mwaka 2021. Nasi hatujausahau msiba wa MV Bukoba wa Mei 1996, wala ule wa MV Spice Islander uliotufika Septemba 2011 baina ya Unguja na Pemba.

Na asidhani mtu kuwa kukaa pwani kunatosha. Kule Nungwi, kaskazini mwa Unguja, wanawake wameishi na bahari vizazi kwa vizazi, lakini wengi wao hawakupata kufundishwa kuogelea. Mradi wa Panje uliingia hapo kwa njia ya hekima: wasichana wakavishwa mavazi yanayositiri mwili mzima, wakafundishwa na walimu wanawake kuelea, kuogelea na kuokoa wengine. Sitara haikuachwa, na elimu ikapatikana.

Pa kuanzia

Anayetaka ubao na aanze bila ubao. Mambo ya mwanzo ni matatu: kupuliza pumzi ndani ya maji bila hofu, kuelea chali, na kujisukuma kwa miguu. Haya hujifunzwa katika maji ya kufika kiunoni. Kwa watu wa Mzumbe, mahali salama ni bwawa la kuogelea lenye maji yaliyotiwa dawa, kama yale ya baadhi ya hoteli. Bwawa la Mindu lisigeuzwe darasa: ni chanzo cha maji ya kunywa ya mji wa Morogoro. Mito na madimbwi nayo yana hatari ya kichocho, ambacho vijidudu vyake hupenya katika ngozi ya aingiaye majini.

Gharama hupungua watu wakishirikiana. Familia tano au sita za msikiti mmoja zaweza kuchangishana, zikakodi bwawa kwa saa moja au mbili, zikatenga zamu ya wanawake yenye mwalimu mwanamke na zamu ya wanaume. Peke yake mzazi angelemewa.

Vazi nalo lisiwe kikwazo. Vazi la kuogelea la kusitiri lijulikanalo kama burkini lilibuniwa Australia mwaka 2004 na Aheda Zanetti, Muislamu mzaliwa wa Lebanoni. Fundi cherehani wa mtaani aweza kushona mfano wake: suruali, kanzu fupi ya kufika magotini na kilemba kilichoshonewa shingoni. Muhimu ni kitambaa cha nailoni au polista, kisichoangaza wala kunata mwilini. Pamba hunywa maji, ikawa nzito na kumvuta mwogeleaji chini. Wanaume nao wakumbuke kuwa uchi wao ni baina ya kitovu na magoti.

Kushuka pwani

Tangu Juni 2024, treni ya umeme imeikaribisha Dar es Salaam na Morogoro. Nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 13,000, na safari huchukua chini ya saa mbili. Hivyo familia yaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo bila kulipia malazi.

Siku ya kwenda ichaguliwe kwa kalenda ya Hijria, kama wafanyavyo wavuvi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na mikondo huwa na nguvu. Karibu na tarehe 8 na 22 huwa ni maji mafu, ambayo humfaa zaidi anayeanza. Miezi ya kusi kali, Juni hadi Agosti, aiepuke. Wala asiyafuate mawimbi yanayovunjika mbali juu ya miamba. Atosheke na yale madogo yanayofia mchangani.

Hapo ajifunze kwanza kubebwa na wimbi kwa kifua, mikono ameinyoosha mbele. Akishalizoea, ubao wa kuazima au wa kukodi kwa saa moja utamtosha. Uwe mrefu, mpana na laini, kwani ubao mfupi humshinda anayeanza. Mkondo ukimvuta kuelekea kilindini, asishindane nao: aogelee sambamba na ufukwe mpaka atoke ndani yake, ndipo arejee nchi kavu. Asiingie peke yake, na nchi kavu awepo mtu mwenye dumu tupu lililofungwa kamba, ambalo ni boya la bei nafuu.

Huenda kijana wa Mzumbe asisimame kamwe juu ya ubao, na hilo si hasara. Hasara ni mtoto, hasa wa kike, kunyimwa elimu ya maji kwa kisingizio cha fedha au cha dini, kisha siku moja akakutana na maji asiyoyataka, awe ndani ya meli au katika mafuriko ya masika. Allah (s.w.) atuhifadhie vizazi vyetu, bara na baharini. Amin.