Reli ya Chumbani Huko Shimoni

Shimoni haijafikiwa na reli, lakini wewe waweza kuijenga sebuleni. Kipimo kinachopendwa ni 1 kwa 87. Reli ya zamani ya Mombasa hadi Kisumu, iliyofika ziwani mwaka 1901, ina upana wa mita 1. Kwako itakuwa kama milimita 12. Usiijenge nzima: Mombasa hadi Nairobi tu ingemeza kilomita 6!

Jihadhari na hewa ya chumvi. Reli za chuma hushika kutu, umeme usipite, garimoshi likakwama mbele ya watoto waliokwisha kupiga makofi. Tafuta za aloi ya nikeli, uzipanguse kila mara.

Anza na stesheni ya Voi. Mwakani ongeza Mtito Andei. Haba na haba hujaza kibaba.