Misonobari Inayohitaji Moto

Miaka 300 iliyopita, msafiri aliyetoka kusini mwa Virginia kwenda mashariki mwa Texas angepita chini ya mti wa aina moja kwa sehemu kubwa ya njia: msonobari wa majani marefu. Msitu wake ulitanda katika majimbo tisa ya leo ya kusini mwa Marekani, takribani hekta milioni 36. Leo imebaki sehemu ndogo tu. Shoka lina lawama yake: utomvu ulipikwa ukawa lami ya kuzibia merikebu, na kufikia miaka ya 1920 wakata mbao walikuwa wameufyeka karibu wote. Lakini hata pale ambapo mbegu zilisalia, msitu haukurudi, kwa sababu watu walikuwa wameanza kuzima kila moto.

Mbegu ya mti huu huota vizuri kwenye udongo ulio wazi, usiofunikwa na majani makavu. Ikishaota, mche hukaa miaka kadhaa bila kurefuka, ukionekana kama shungi la nyasi, huku mzizi mkuu ukizama ardhini na kujiwekea akiba. Moto ukipita, majani marefu ya nje huungua na kukilinda kichipukizi kilicho katikati. Kisha mche hufyatuka, kwa haraka ya kukiepusha kichipukizi chake cha juu na ndimi za moto unaofuata. Mialoni na vichaka vinavyoushindania mwanga havina ulinzi huo. Zamani moto ulipita kila baada ya mwaka mmoja hadi mitano, ukiwashwa na radi au na wenyeji wa asili. Ukikosekana, vichaka hufunga anga na miche hufa kivulini.

Yupo pia kigogota mdogo anayetoboa tundu lake ndani ya msonobari ulio hai, kazi inayoweza kumchukua zaidi ya mwaka. Huugongagonga mti kuzunguka tundu ili utomvu uchuruzike na kuwazuia nyoka wasipande. Anahitaji miti mizee, yenye nafasi wazi chini yake, ile ambayo moto huiacha. Jambo ninalolitafakari sana ni kwamba baadhi ya makazi yake bora yamo ndani ya maeneo ya jeshi, kama Eglin kule Florida na Fort Bragg kule North Carolina. Huko mizinga ya mazoezi iliendelea kuwasha nyasi wakati mashamba ya jirani yakilindwa dhidi ya moto.

Mwaka 1990 Florida ilitunga sheria ya kuwalinda wamiliki wa ardhi wanaochoma misitu yao kwa mpango ili kuurudisha moto huo. Wanaoifanya kazi hii hupima upepo na unyevu kabla ya kuwasha, na msimu nao una uzito. Nyasi kuu ya msitu huu huko Florida, ikichomwa majira ya baridi, huchipua majani lakini mara nyingi haitoi mbegu. Ikichomwa Mei au Juni, wakati wa radi, huchanua.