Ayurveda na Maradhi ya Magamba

Tabibu wa ngozi atakapo kuyakinisha kwamba baka lililoota kiwikoni mwa mgonjwa wake ni la soriasisi, aghalabu hahitaji mtambo. Huchukua kijiti butu, akaukwangua polepole ule ukoko mweupe, na magamba yakamenyuka tabaka kwa tabaka, yakapukutika mfano wa nta iliyoparuzwa kwenye mshumaa. Akizidi kukwangua hufikia utando mwembamba wenye unyevu, na utando ule ukibanduka hutokeza vitone vya damu vidogo kama ncha ya sindano, kila kimoja mahali pake. Vitone hivyo huitwa kwa jina la Heinrich Auspitz, tabibu wa Vienna wa karne ya 19, na sababu yake ni kuwa vijishipa vya damu chini ya baka vimerefuka na kujipinda, vikapanda karibu mno na uso wa ngozi, hata kifuniko chake kikiondolewa huvuja.

Ngozi ya mtu mwenye siha hujivua daima bila ya mwenyewe kuhisi: seli huzaliwa chini, hupanda, hukauka, kisha hupukutika, nayo safari hiyo huchukua yapata mwezi mmoja. Katika baka la soriasisi safari ile ile hukamilika kwa siku chache tu, kiasi cha siku 3 hadi 5, na kwa kuwa seli zimefika juu kabla ya kukomaa, hushindwa kuachana, zikashikamana na kurundikana. Anayeziharakisha hivyo ni mlinzi wa mwili mwenyewe: seli nyeupe za damu, ambazo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hushika silaha pasipo adui, zikatoa kemikali ziitwazo interlukini, na ngozi ikapokea amri ya kuzaa seli mpya kana kwamba ina jeraha la kuziba. Mtu huweza kurithi mwelekeo wa maradhi haya, kisha yakaamshwa na maumivu ya koo, majonzi, pombe, tumbaku, au baadhi ya dawa, ikiwamo klorokwini iliyotumiwa sana katika nchi zetu kutibu malaria. Kwa wengine hushuka hadi kwenye viungo, yakavimbisha vidole na kuvipinda. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliyatambua kuwa ni maradhi sugu yasiyoambukiza, na miaka 2 baadaye Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wasiopungua milioni 100 wanayo.

Neno hilo, yasiyoambukiza, lataka kukaririwa, maana kwa karne nyingi wenye soriasisi walihesabiwa pamoja na wenye ukoma, wakatengwa nao. Katika Ulaya, Robert Willan wa London aliyaeleza maradhi haya kwa uangalifu mwaka 1808, lakini aliendelea kuyaita kwa jina lenye harufu ya ukoma, hata alipotokea Ferdinand von Hebra mjini Vienna mwaka 1841 akayatenga kabisa na ukoma. Alama ya kuyapambanua ni nyepesi, na yafaa ijulikane na kila mtu: baka la ukoma aghalabu limekufa ganzi, ilhali baka la soriasisi lina hisia zote, hata za kuwashwa na kuumia.

Sasa na tuvuke bahari twende Bara Hindi. Katika Charaka Samhita, kitabu kikuu cha tiba ya Ayurveda kilichokusanywa yapata miaka elfu mbili iliyopita, maradhi ya ngozi yamepangwa chini ya jina moja la kushtha, nayo ni 18: makubwa 7 na madogo 11. Miongoni mwa yale madogo limo moja liitwalo ekakushtha, lililoelezwa kuwa halitoi jasho, hutanda mahali papana, na hufanana na magamba ya samaki; na jingine liitwalo kitibha, jeusi na la kukwaruza kama sugu. Matabibu wa Ayurveda wa leo, ambao huitwa vaidya, aghalabu huitia soriasisi katika mojawapo ya majina hayo mawili. Nami nasema pasipo kusita kwamba aliyeandika maelezo yale alikuwa na jicho la kuaminika: hakuwa na darubini wala maabara, lakini alikaa na mgonjwa, akatazama, akagusa, akatafuta jasho asilione. Ijapokuwa ukoma nao umewekwa chini ya jina lile lile la kushtha, kule kupambanua aina 18 peke yake kulikuwa ni mwanzo wa elimu.

Tafsiri ya jicho hilo ilikuwa ya zama zake. Ayurveda hufundisha kwamba mwili hutawaliwa na nguvu tatu, vata, pitta na kapha, ambazo msomaji wa pwani, aliyezoea kusikia wazee wakitaja upepo, safura na balghamu, hataziona ngeni sana, ingawa hesabu za tiba mbili hizi hazilingani. Maradhi ya magamba, husema vaidya, ni ya vata na kapha zilizochafuka, zikaharibu damu na ngozi. Na miongoni mwa vichafuzi hutajwa vyakula visivyopatana, mfano ulio mashuhuri ukiwa ni samaki na maziwa katika mlo mmoja.

Tiba nayo hufuata tafsiri. Kwanza mgonjwa hunyweshwa kwa siku kadhaa samli iliyopikwa na mitishamba michungu, akizidishiwa kipimo kila asubuhi. Hukandwa mafuta na kufukizwa mvuke. Kisha hupewa dawa ya kumtapisha, au haluli ya kumharisha, na pengine hutolewa damu kidogo, hata kwa kuwekewa ruba. Baada ya masafisho hayo, ambayo pamoja na mengine huitwa panchakarma, yaani matendo matano, hufuata dawa za kunywa na kupaka. Katika jimbo la Kerala, kusini mwa India, kuna tendo jingine la upole: mgonjwa hulazwa chali juu ya kitanda cha mbao, na juu ya kipaji chake huning'inizwa chungu chenye tundu, kikamiminika mtindi uliotiwa dawa, uzi mmoja mwembamba usiokatika, ukitembezwa kutoka upande huu wa paji hadi ule, huku mtu amefumba macho.

Katika jimbo hilo hilo na katika jirani yake Tamil Nadu, ambako tiba nyingine ya jadi iitwayo Siddha imeishi bega kwa bega na Ayurveda, hutumika mti uitwao kwa elimu Wrightia tinctoria. Majani yake mabichi hukatwa yakatiwa ndani ya mafuta ya nazi, chombo kikaanikwa juani siku kadhaa. Na mafuta yaliyokuwa meupe kama maji huanza kupata rangi, yakawa mekundu-mekundu, kisha zambarau iliyokoza, kwa sababu majani ya mti huo hubeba malighafi ya nili, rangi kama ile wanayotia wachovya nguo. Mafuta hayo hupakwa asubuhi, mgonjwa akaota jua la mapema, ndipo akaoga. Hata kabla ya kuuliza kama nili ina siri yoyote, faida moja ni dhahiri: mafuta huyalainisha magamba, huziba nyufa na kuihifadhi ngozi isikauke, na kulainisha ngozi ni nguzo ya matibabu katika hospitali zote za ulimwengu.

Na mengine je, yanaponya? Hapa ndipo penye uzito, kwa kuwa soriasisi ina tabia moja yenye kuwahadaa wagonjwa na waganga sawasawa: huja na kwenda. Huweza kuwaka miezi mitatu, ikazimika mwaka mzima bila ya dawa, kisha ikarejea. Na kwa kuwa mtu hutafuta tiba pale maradhi yanapokuwa makali kupita kiasi, karibu kila dawa atakayoishika siku hiyo itafuatwa na nafuu, na sifa itakwenda kwa dawa. Kwa hiyo ushuhuda wa mtu mmoja, hata awe mkweli namna gani, hautoshi. Lazima wawepo wenzake walio katika hali kama yake, wasiopewa ile dawa, ili tofauti ionekane.

Chukua manjano, kiungo cha mapishi yetu na dawa ya zamani ya Ayurveda. Mwaka 2008 watafiti wa Pennsylvania waliwapa wagonjwa 12 vidonge vya kurkumini, ambayo ndiyo kiini cha manjano, na ni 2 tu waliopata nafuu kubwa, idadi ambayo yaweza kuelezwa na ile tabia ya maradhi kujiondokea yenyewe. Mwaka 2015 watafiti wa Italia waliwachukua wagonjwa 63, wote wakitumia marhamu ya hospitali yenye steroidi, wakawagawa makundi mawili. Waliozidishiwa kurkumini walipata nafuu zaidi kuliko wenzao. Hizi ni dalili njema za kuendelea kuchunguza, wala si hukumu. Na kwa mwarobaini, mti uliotufikia kutoka pande hizo hizo za Hindi na ambao jina lake kwetu limebeba maradhi arubaini, hali ni hiyo hiyo: sifa ni nyingi, vipimo ni vichache.

Lakini ipo mbegu moja iliyopita mtihani kwa njia ya ajabu. Ni mbegu ndogo nyeusi ya mmea uitwao bakuchi, ambayo tangu kale ilitumiwa Bara Hindi kutibu balanga, mgonjwa akipakwa au kulishwa kisha akapelekwa juani; na Misri nako mmea mwingine, Ammi majus, ulitumiwa vivyo hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 wataalamu wa Cairo walikwisha toa katika mmea wa Misri dutu safi, na jamii nzima ya dutu hizo ikapewa jina la psoraleni, kutokana na Psoralea, jina la elimu ambalo bakuchi ilipewa. Psoraleni, ikipigwa na mwanga wa urujuanimno, hushikamana na asili za urithi ndani ya seli na kuizuia isigawanyike. Na seli zinazogawanyika kwa pupa ndiyo balaa lenyewe la soriasisi. Mwaka 1974 matabibu wa Boston walitangaza kwamba vidonge vya psoraleni pamoja na taa maalumu husafisha mabaka ya soriasisi, na tiba hiyo ikaenea duniani. Wakati huo huo ilifundisha adabu: kipimo kikizidi huunguza, na miaka mingi ya kuitumia huongeza hatari ya saratani ya ngozi, ndiyo maana leo hospitali nyingi hupendelea mwanga wa aina nyingine usiohitaji psoraleni. Anayejipaka bakuchi nyumbani na kuketi juani amechukua nusu ya maarifa hayo na kuiacha nusu iliyogharimu zaidi.

Hatari nyingine haionekani kwa macho. Tawi moja la Ayurveda hutumia zebaki, risasi na arseniki zilizochomwa kwa taratibu ndefu, likiamini kuwa sumu yake imeondoka. Mwaka 2004 uchunguzi wa dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa katika eneo la Boston ulikuta 14 kati yake zina madini hayo mazito. Na ziko marhamu na unga zinazouzwa kwa jina la mitishamba ilhali ndani zimechanganywa steroidi kwa siri: mgonjwa hupona kwa wiki mbili, akashukuru, na siku aachapo, maradhi hurudi kwa ghadhabu, pengine ngozi ya mwili mzima ikawaka au ikajaa usaha, jambo linaloweza kuhatarisha maisha. Kwa hiyo mwenye kutaka kufuata vaidya na amweleze daktari wake kila anachokunywa, hasa akiwa anatumia methotreksati, dawa ya hospitali ya soriasisi ambayo tayari hulielemea ini. Wala asiache ghafla dawa za hospitali kwa ahadi ya kuponywa milele, kwa maana mpaka sasa hakuna tiba, ya Mashariki wala ya Magharibi, inayoing'oa soriasisi isirudi tena.

Baada ya kusema hayo yote, limebaki moja ambalo nalithamini katika nyumba za Ayurveda. Mtu mwenye magamba amezoea kuona mikono ikirudishwa nyuma: mwenye duka humwekea chenji juu ya meza, jirani humpungia badala ya kumpa mkono, kinyozi husema kesho. Kisha analazwa juu ya kitanda cha mbao, na watu wawili, mmoja kulia na mmoja kushoto, wanamkanda mafuta vuguvugu muda wa saa nzima, wakipita juu ya mabaka yale yale yanayokimbiwa na wengine. Mafuta yatapimwa, na mbegu zitapimwa, na zitakazoshindwa zitaachwa. Lakini mkono ule hauna haja ya kusubiri maabara, wala hauhitaji nauli ya kwenda Kerala. Maadamu tumekwisha jua kwamba maradhi haya hayaambukizi, kila mmoja wetu anao, na aweza kuunyosha leo.