Krete: Maharagwe yanayoweza kukulaza hospitalini

Anayezuru kisiwa cha Krete, kusini mwa Ugiriki, mwezi wa Aprili au Mei huwa amechagua wakati mzuri. Jua halijawa kali, na mtu anaweza kuzunguka magofu ya jumba la Knossos, kilomita tano hivi kutoka mjini Heraklion, asilowe jasho. Njaa ikiingia, chakula kipo: samaki, jibini, mboga za mwituni na mafuta ya zeituni kwa wingi. Sisi madaktari hukisifu sana chakula hicho.

Lakini hayo ndiyo majira ya maharagwe makubwa bapa ambayo Wagiriki huyaita koukia. Yakiwa machanga, wenyeji huyamenya na kuyatafuna mabichi huku wakinywa raki. Wengi hawadhuriki. Kwa wachache ni sumu.

Wachache hao walizaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho hulinda chembechembe nyekundu za damu. Maharagwe haya yana kemikali ambayo huzishambulia chembechembe hizo, na zile zisizo na kinga hupasuka. Katika muda wa siku moja au mbili mgonjwa huishiwa na nguvu, macho huwa ya manjano na mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi. Huyo apelekwe hospitali mara moja, kwani huenda akahitaji kuongezwa damu. Wanaume, hasa watoto, ndio huathirika zaidi, maana hitilafu hii hurithiwa kupitia kromosomu ya X, na mwanamume anayo moja tu.

Yamhusu nini Mkenya? Malaria. Hitilafu hii ilienea mahali ambapo malaria ilitawala kwa vizazi vingi, kwa kuwa humpa mwenye nayo kinga kiasi fulani. Ugiriki ilikuwa mahali pamojawapo. Pwani yetu na kandokando ya Ziwa Victoria pia. Aina ya Kiafrika kwa kawaida ni nyepesi kuliko ile ya Mediterania, na wengi wetu tutakula koukia bila shida. Hata hivyo nyepesi si kusema haina madhara, na Wakenya wenye asili ya Bara Arabu au Bara Hindi wanaweza kuwa na ile kali.

Ikiwa uliwahi kupata mkojo mweusi baada ya kumeza primaquine au dawa nyingine, au ikiwa ndugu yako wa kiume au mjomba wako ana tatizo hili, pimwa damu kabla ya kusafiri. Usipimwe mara tu baada ya kuugua, kwani matokeo ya wakati huo hudanganya.

Mkahawani, jina lisikuchanganye. Fava, hasa kisiwani Santorini, ni rojo la jamii ya njegere za manjano, wala si maharagwe haya. Uliza kama chakula kina koukia, mabichi au yaliyopikwa, kwa sababu moto hauiondoi kemikali hiyo yote.