Siku ya defile: mutoto anapotelea wapi?

Mutoto akirudi kutoka masomo na habari kama kalasi yao itapita kwenye defile, nyumbani usingizi unaisha. Shati nyeupe inafuliwa usiku, viatu vinapakwa kiwi hata kama chini vimetoboka, mama anaenda kwa jirani kukopa soksi. Asubui saa kumi na mbili mutoto amekwisha kusimama mulangoni. Sisi wazazi tunafikiri kazi yetu imeishia pale.

Ikiwa ni tarehe 8 mwezi wa tatu, siku ya wanawake, ao tarehe 30 mwezi wa sita, siku ya uhuru, defile inafanyika karibu namna moja. Vikundi vinaitwa mapema sana, viongozi wanafika wakati wanapotaka. Vikundi vinajipanga kwenye barabara za kando: fanfari, scouts, watu wa Croix-Rouge na machela yao, masomo moja kisha ingine, wauguzi na blouse nyeupe, wamama wa soko ndani ya kitenge kimoja, na nyuma kabisa motards na klaksoni zao. Hapo kungojea kunaweza kupita saa mbili. Kupita mbele ya tribini, dakika chache tu, imekwisha.

Na kisha tribini? Hapo ndipo hatari inaanza. Mbele ya viongozi kila mutu anashika laini. Akipita tu, laini inakatika. Mwalimu moja ako na watoto makumi tano, kikundi cha nyuma kinasukuma, kila mutoto anaona rafiki yake ao anafuata ngoma. Na muzazi ako wapi? Amebaki karibu na tribini, simu juu, anatafuta picha. Mutoto anatokea upande mumoja, muzazi anamungojea upande mwingine.

Mwaka fulani hapa Bukavu, mutoto wa dada yangu, miaka saba, alifuata fanfari namna ile mpaka mutaa asioujua. Tulimupata karibu na magaribi. Mama moja muuza mikate alikuwa amemukalisha nyuma ya mbabula na kumupa kipande. Alikuwa amemuuliza: «Baba yako anaitwa nani?» Akajibu: «Papa.» «Munaishi wapi?» «Kule juu.» Muji muzima wa Bukavu ni kule juu.

Basi, mbele ya siku ile, uliza mwalimu: vikundi vinavunjikia wapi? Uende kusimama pale, wacha picha. Onyesha mutoto pahali pasipohama, kama vile kanisa ao duka ya rangi anayoijua, si gari na si hema. Andika namba ya simu kwa biki kwenye mukono, chini ya shati, sababu karatasi ya mufukoni inapotea. Na umufundishe jina lako kamili pamoja na avenue. Akipotea, asimame pale alipo na aite mama anayeuza kitu kando ya barabara ao mutu wa Croix-Rouge mwenye gilet. Mama wa biashara hahami mbio, ana vitu vyake vya kulinda.

Mutoto asiende na njaa. Wengi wanaoanguka wakati wa kungojea hawako wagonjwa, walitoka nyumbani bila chai kisha wakasimama kwenye jua. Mwezi wa tatu ni wakati wa mvua, beba kiplastiki. Mwezi wa sita ni kiangazi, na vumbi ya Goma, ile nyeusi ya volkano, inaingia macho.

Kwa wadogo wasiopita, mimi napenda pahali pa kupanda kuliko kando ya tribini. Bukavu vilima vinatupatia viti vya bure. Hapo mutoto anaona kichwa na mukia wa defile, na fanfari ya Wakimbangu ikifika, na flute zao, hutahitaji kumueleza kitu.

Hatuwezi kuandika haya na kunyamaza juu ya usalama. Tarehe 27 mwezi wa pili 2025, kwenye Place de l'Indépendance ya Bukavu, milipuko ilitokea wakati mukutano ulikuwa unamalizika, na watu zaidi ya kumi walikufa. Tangu siku ile wazazi wengi wanaogopa kila mukusanyiko, na hakuna wa kuwacheka. Ukienda, simama karibu na njia ya kutokea, usiingie katikati. Ukisikia watu wanaanza kukimbia, usingoje kujua sababu: beba mudogo, shika mukubwa, na mutoke kwa kandokando.

Na kama moyo wako unakataa, ona mwalimu siku mbili mbele, umwambie mutoto hatapita. Usimufiche asubui ya siku yenyewe, sababu wenzake watamungojea kwenye laini. Mutoto atalia, ndiyo. Mupikie kitu kizuri siku ile, na shati nyeupe atavaa siku ya mungu.