Kolwezi: Mashine ndogo ya CNC inaweza kukereza bushi, mradi fundi akubali kupima

KOLWEZI, Lualaba – Pampu ya maji ya mtaa ikianza kulia na kutikisika, mara nyingi kilichokufa ndani yake ni kitu kidogo kuliko kikombe cha chai. Kinaitwa bushi, pete nene ya bronzi ambayo shafti inazunguka ndani yake. Bronzi ni shaba iliyochanganywa na bati, na shaba inatoka hapa kwetu. Inatoka viwandani ikiwa mabamba, inapandishwa kwenye malori, inavuka mpaka wa Kasumbalesa, inashuka hadi bandari ya Dar es Salaam au Durban na kupanda meli. Bushi nayo inakuja kwa barabara hizo hizo, imefungwa ndani ya plastiki, na gharama ya safari nzima iko juu ya bei yake. Muda huo wote mama wa mtaa anabeba bidoni kichwani.

Lakini bushi si kitu cha ajabu. Ina duara la nje, tundu la ndani na urefu, basi. Kuitengeneza kunahitaji mashine ya kukereza, ile ambayo mafundi wa Katanga wamezoea kuiita kwa jina la Kifaransa, na mwenye kuifanyia kazi wakamwita turneri. Katika mashine hiyo chuma ndicho kinachozunguka, kisu kimetulia. Mashine ya kuchonga inafanya kinyume: kisu kinazunguka, chuma kimefungwa mezani.

Mashine ndogo za kuchonga za CNC, yaani zinazoongozwa na kompyuta, zinauzwa leo kwa mtu binafsi. Wengi wanazinunua kwa kazi ya mabango, vibao vya majina na nakshi za milango. Swali linalowasumbua vijana wa atelye ni hili: je, mashine hiyo hiyo inaweza kufundishwa kukereza, bila kununua mashine ya pili? Jibu ni ndiyo, lakini kompyuta siyo sehemu ngumu ya kazi hiyo.

Mikono iliyoondoka

Kolwezi ni mji uliozaliwa na kampuni. Union Minière du Haut-Katanga iliujenga mwaka 1937 kuwa makao ya migodi yake ya magharibi. Kampuni ile, na baadaye Gécamines, haikungoja piyesi kutoka nje kwa kila kitu. Kule Likasi ilikuwa na Ateliers Centraux de Panda, karakana kubwa za kuyeyusha, kukereza na kutengeneza vipuri vya migodi na viwanda. Kijana aliingia humo akiwa mwanafunzi wa ufundi na kuzeeka humo akiwa turneri.

Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, hapa Kolwezi, ulibomoka, na katikati ya miaka ya 1990 uzalishaji wote ulikuwa umeanguka chini ya tani 50,000. Kisha, miaka ya 2003 na 2004, ukaja mpango wa kuondoka kazini kwa hiari ulioungwa mkono na Benki ya Dunia. Zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka. Tunapozungumzia habari ile tunahesabu mishahara iliyopotea, na ni haki. Tunasahau kwamba ujuzi nao ulitoka getini siku ile: maturneri, mafundi wa kuunganisha, wayeyushaji. Wengine walifungua garaji ndogo. Wengi hawakupata mashine ya kufundishia watoto wao.

Leo nchi yetu ni ya pili duniani kwa kutoa shaba, na mgodi wa Kamoa-Kakula peke yake, ulioanza uzalishaji mwaka 2021, umo kati ya mikubwa ya dunia. Tangu Februari 8, 2017 kuna sheria, nambari 17/001, inayosema kwamba kazi ndogo ndogo zinazotolewa na makampuni makubwa ziende kwa mashirika ya Wakongomani yenye mtaji wa Wakongomani. Sheria imefungua mlango, lakini haigawi mashine. Atelye inayojua kuchomelea tu itapata kazi ya kuchomelea mageti. Wenye kutafuta piyesi ya kipimo watapiga simu Afrika ya Kusini.

Ndiyo maana swali la kifaa cha kukereza, kilichotengenezwa kwa mkono ndani ya uwanja wa nyumba, si mchezo wa vijana wanaopenda kompyuta.

Njia mbili, na moja ndiyo ya maana

Njia ya kwanza ni rahisi mno, na inafaa kujaribiwa kwanza. Unaondoa kisu kwenye kichwa cha mashine, unaweka pale kipande cha chuma cha mviringo, kisha unafunga kisu cha kukerezea mezani. Mashine sasa ni ya kukereza iliyosimama wima. Kwa pini ndogo za alumini au za shaba njano njia hiyo inatosha.

Ila ina mipaka miwili. Kishikio cha mashine ndogo hakikamati kitu kinene: kile cha ukubwa wa ER11 kinaishia milimita 7, cha ER20 kinaishia 13. Hakuna bushi ya pampu hapo. Mpaka wa pili ni mwendo. Mota za mashine hizi zimetengenezwa kwa visu vyembamba, zinazunguka mara 10,000 na zaidi kwa dakika. Kipande cha chuma chenye kipenyo cha milimita 30 kikizunguka hivyo, ngozi yake inapita mbele ya kisu kwa mita 940 kwa dakika. Kwa chuma laini, kisu cha kawaida kinataka karibu mita 30. Kitaungua kabla hujafumba jicho.

Njia ya pili ndiyo yenyewe. Unajenga kichwa cha kukerezea peke yake, chenye mota yake, unakifunga kwa boliti juu ya meza, shafti yake ikilala sambamba na upande mrefu wa meza. Mbele ya shafti kuna mandrini, kile kishikio cha meno matatu. Yenye upana wa milimita 80 inatosha kuanzia. Mota ya kuchonga inazimwa kabisa au kuondolewa, na mahali pake panafungwa kisu kilichotulia kinachoshuka kutoka juu. Meza ikisogea, chuma kinapita mbele ya kisu na urefu unakatwa. Kisu kikishuka, kipenyo kinapungua. Kwenye programu unabadilisha tu majina ya pande, kwa sababu lugha ya mashine za kukereza inaita Z ule upande wa urefu na X ule wa kipenyo.

Mota haitafutwi mbali. Ya kawaida ya volti 220, yenye mwendo wa karibu mizunguko 1,400 kwa dakika, inafaa. Ukiweka puli ya milimita 50 kwenye mota na ya milimita 200 kwenye shafti, unapata mizunguko 350, ambayo ni karibu kabisa na inayotakiwa kwa chuma cha milimita 30. Mkanda ukiteleza kisu kinapokwama, ushukuru: afadhali uteleze mkanda kuliko kupinda shafti.

Shafti yenyewe ndipo mafundi wanapogawanyika. Wapo wanaotaka beringi mbili za rola zenye umbo la koni, zikibanwa kuelekeana mpaka shafti isicheze hata kidogo. Ni kazi nzuri, lakini inadai vitobo viwili vilivyonyooka kabisa. Kwa anayeanza naona afadhali achukue habu ya gurudumu la mbele la gari lililokufa. Imejengwa kubeba uzito wa gari kwenye mashimo ya barabara zetu, beringi yake imeshafungwa ndani, na uso wake una matundu ya boliti tayari kupokea mandrini. Magari yaliyokufa hatukosi.

Kunyooka ndiyo kazi yenyewe

Hapa ndipo wengi wanapoachia njiani. Bushi inaingia kwa kubanwa ndani ya pampu, na shafti inazunguka ndani yake ikiogelea kwenye mafuta. Nafasi zote hizo ni za sehemu za mia za milimita. Unywele wa mtu una unene wa karibu sehemu saba za mia. Ukikosea kwa unene wa unywele, bushi inacheza au haiingii, na pampu itarudi kulia baada ya juma moja.

Sasa, jambo linalonifurahisha katika kazi hii ni kwamba mashine inajitengenezea kifaa chake. Kipande kinene cha alumini kitakachobeba shafti kinafungwa mezani mara moja tu, na vitobo vyote vya beringi vinachongwa bila kukifungua. Vikichongwa katika kufungwa kumoja, vinakuwa kwenye mstari mmoja. Ukifungua na kugeuza katikati ya kazi, umeshapoteza. Halafu lile bamba linalobeba mandrini usilichonge pembeni: lifunge kwenye shafti mpya, washa mota, ulikereze pale pale linapozunguka. Uso wake utakuwa wima kwa shafti ile, hata kama shafti yenyewe ina kasoro zake.

Baada ya hapo inakuja komparateri, ile saa ndogo ya kupimia yenye mshale. Bila hiyo usianze. Ni afadhali kuahirisha kununua mandrini kuliko kuahirisha kununua saa hiyo. Inaguswa kwenye fimbo iliyonyooka, mandrini inazungushwa kwa mkono, mshale unasema ukweli.

Kisu nacho lazima ncha yake iwe kwenye mstari wa katikati ya shafti. Kujua ni rahisi: kata uso wa mbele wa kipande hadi katikati. Kama kimebaki kichunusi pale katikati, ncha haijafika kwenye mstari au imeupita. Kwenye mashine ya kukereza ya zamani fundi angeweka kibati chini ya kisu. Hapa unasogeza meza kwa sehemu za mia kwa kubonyeza, na hiyo ndiyo faida ya kompyuta.

Wala si sisi wa kwanza kujenga mashine ya kukereza bila kiwanda. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia Wamarekani walijenga zenye mwili wa saruji ili kutengeneza makombora haraka. Miaka ya 1980 Mmarekani David Gingery alionyesha kwa vitabu vyake namna ya kuyeyusha alumini ya takataka kwa mkaa na kujenga mashine nzima. Mwenzake Pat Delany alitoa bure michoro ya mashine inayojengwa kwa bloku ya injini ya gari, akiwalenga hasa watu wa nchi maskini. Na msomaji wa Goma aliyeona chukudu ya mbao ikishuka na magunia ya viazi hahitaji Mmarekani kumfundisha kwamba kitu cha kujitengenezea kinaweza kubeba mzigo.

Tena waliomo kwenye miji yetu wanaoyeyusha alumini kutengeneza sufuria wanajua nusu ya kazi. Bronzi inadai moto mkali zaidi, karibu nyuzi 1,000 wakati alumini inayeyuka kwa 660, na moshi wake si wa kuvuta. Ila neno moja kwa wenye haraka: nyaya zilizokatwa usiku kwenye mistari ya SNEL si malighafi. Mtaa unaokaa gizani ndio huo huo uliokuwa unangoja pampu.

Umeme, hesi na mikono

Umeme ndio adui wa kila siku. Migodi yenyewe inalia juu ya upungufu wake. Ukikatika kisu kikiwa ndani ya chuma, shafti inasimama, ncha inavunjika, na mota ndogo zinazosogeza meza zinasahau mahali zilipokuwa. Ukiwasha na kuendelea bila kutafuta upya sehemu ya kuanzia, unaharibu kipande cha pili. Betri ya kompyuta inaokoa programu, haiokoi kisu. Fundi mwenye akili anagawa kazi katika programu fupi fupi.

Hesi ni jambo jingine. Ili kukata hesi kwa kisu kimoja, kompyuta lazima ijue shafti imefika wapi katika kila mzunguko, kwa hiyo inahitaji kihisi kwenye shafti na programu inayoweza kukisoma, kama LinuxCNC ambayo ni ya bure. Programu ya GRBL, inayokuja na mashine nyingi za bei nafuu, haina uwezo huo kama ilivyo. Kwa mwanzo kata hesi kwa mkono.

Na mashine hizi nyepesi zisidanganye mtu. Ile yenye mwili wa mabomba ya alumini itakata alumini na shaba njano kwa nusu milimita na chini ya hapo. Kwenye chuma itatetemeka na kuacha mawimbi. Yenye mwili wa chuma cha kuyeyusha itavumilia. Mwenye pesa ya kutosha kununua mashine ya kukereza iliyotumika, ainunue hiyo aache habari hizi zote.

Glavu hazivaliwi mbele ya mandrini inayozunguka, wala mikono mirefu ya shati, wala kitambaa shingoni. Ufunguo wa mandrini hauachwi ndani yake hata kwa sekunde, maana mota ikiwashwa unaruka kama jiwe la manati. Nyuzi za chuma zinaondolewa kwa ndoano, mota ikiwa imezimwa. Mbele kuwe na kinga, hata ya bati.

Kipande cha kwanza kisiwe bushi ya mtu. Iwe fimbo ya alumini ya urefu wa milimita 100 hivi, ikatwe kidogo kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha ipimwe kwenye ncha zote mbili. Kama upande mmoja umezidi mwingine kwa sehemu tano za mia, kichwa kimekaa upande. Legeza boliti, weka kibati chembamba chini ya upande wa kichwa ulioshuka, kaza, kata tena, pima tena. Kazi hiyo inaweza kula siku nzima.